Kujiandaa kwa Parole Tanzania Bara: Mwongozo Kamili kwa Mfungwa, Familia na Msaidizi wa Kisheria

Ukienda kumtembelea ndugu yako gerezani akakuambia jina lake linaandaliwa kwa ajili ya parole, yaani kumalizia kifungo nje ya gereza kwa masharti, usirudi nyumbani ukakaa kusubiri habari. Kwa wengi, kipindi hicho cha kusubiri ndicho nafasi inapopotea. Bodi ya parole haimjui ndugu yako. Inalijua jalada lake, na ndani ya jalada hilo baadhi ya karatasi zenye uzito mkubwa hazitoki gerezani hata kidogo: zinatoka kijijini au mtaani anakotaka kurudi. Mtu anaweza kuishi gerezani miaka mingi bila kosa la nidhamu, akajifunza ufundi, akasifiwa na maafande wote, halafu taarifa ya nyumbani ikaja na sentensi moja kwamba jamii bado haiko tayari kumpokea. Sentensi hiyo ni nzito kuliko vyeti vyote.

Kwa hiyo mwongozo huu unagawa kazi sehemu mbili. Ipo kazi ya ndani ya gereza, ambayo mfungwa anaifanya mwenyewe, na ipo kazi ya nje, ambayo ni ya familia na msaidizi wa kisheria. Ya nje ndiyo inayosahaulika, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu zaidi.

Yaliyomo hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake chini ya Vyuo vya Mafunzo, kama magereza yanavyoitwa kule. Kwa wasomaji wa Kenya, mnachopaswa kukitafuta ni Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha wa Rais iliyo chini ya Ibara ya 133 ya Katiba yenu. Ni njia tofauti na bodi ya parole, ingawa ushauri wa kuandaa maelezo na taarifa za nyumbani utawafaa pia.

Jua kwanza unachoomba

Parole ni kutumikia sehemu ya kifungo nje ya gereza kwa masharti na chini ya uangalizi. Hatia inabaki pale pale, na kifungo kinaendelea kuhesabika. Mfungwa akivunja masharti anarudishwa ndani. Watu huichanganya na mambo mengine matatu. La kwanza ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa siku za kitaifa kama 26 Aprili au 9 Desemba. La pili ni punguzo la kawaida la theluthi moja linalotolewa chini ya kifungu cha 49(1) cha Sheria ya Magereza, Sura ya 58, kwa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri. La tatu ni huduma kwa jamii, ambayo ni adhabu mbadala kwa vifungo vifupi.

Parole yenyewe ina sheria yake: Sheria ya Bodi za Parole Na. 25 ya 1994, Sura ya 400. Kuna bodi za mikoa na kuna Bodi ya Taifa. Jina huanzia gerezani, hupita bodi ya mkoa, hufika Bodi ya Taifa, na mwisho wa safari ni Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa huteuliwa na Rais. Wengi mtamkumbuka marehemu Augustino Mrema, aliyeteuliwa mwaka 2016, ambaye alichangia sana kulifanya neno parole lijulikane mitaani. Ukiitazama safari hiyo utaona kwa nini jalada ni kila kitu. Kadiri jina linavyopanda juu, ndivyo wanaoamua wanavyokuwa mbali na sura ya mtu na karibu na karatasi zake.

Hatua ya kwanza: hakikisha ana sifa

Kabla ya kumpa mtu matumaini, soma masharti. Mfungwa awe anatumikia kifungo cha miaka minne au zaidi, awe amekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo hicho, na awe ameonyesha mwenendo mzuri muda wote. Asiwe na kifungo cha maisha. Asiwe ametiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, biashara ya dawa za kulevya au makosa ya kujamiiana kama kubaka na kunajisi. Sharti lingine linalowashtua wengi ni kwamba kifungo kisiwe kimeshapunguzwa kwa njia nyingine ya msamaha. Ikiwa ndugu yako aliguswa na msamaha wa Rais mwaka fulani, muulizeni mapema afisa anayeshughulikia parole gerezani jambo hilo limeandikwaje kwenye jalada.

Hapa ndipo msaada wa kisheria unapoanza kuwa na faida, kwa sababu kinachohesabika ni kosa alilotiwa hatiani nalo mwishoni, na linaweza kuwa tofauti na alilokamatiwa. Mtu anaweza kuwa alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mahakama ikamtia hatiani kwa wizi. Mwingine alishtakiwa kwa mauaji, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kupewa miaka 10. Mwingine hukumu yake ilibadilishwa kwenye rufaa, lakini kule gerezani kumbukumbu bado zinataja kosa la awali. Njia ya kujua ukweli ni kushika nakala ya hukumu mkononi, pamoja na ya rufaa kama ilikuwepo. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Za mahakama za wilaya na za mwanzo, nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi ukiwa na namba ya kesi na mwaka wake. Ukikosa namba, iko kwenye hati ya kifungo iliyompeleka gerezani.

Sheria hubadilishwa. Tangu Julai 2025 tunatumia toleo la urekebu la sheria, yaani sheria zikiwa zimeunganishwa na marekebisho yake, la mwaka 2023, na kifungu ulichokisoma kwenye kijitabu cha zamani kinaweza kuwa na namba nyingine au maneno mengine. Mwombe msaidizi wako asome toleo linalotumika sasa.

Hatua ya pili: piga hesabu ya tarehe

Chukua daftari. Tuseme mtu alihukumiwa miaka 9 tarehe 12 Machi 2021. Theluthi moja ya miaka 9 ni miaka 3, hivyo anafikia sharti hilo tarehe 12 Machi 2024. Punguzo la kawaida la theluthi moja likitolewa lote, kifungo kinabaki miaka 6, na anatoka Machi 2027. Nafasi yake ya parole ni kati ya tarehe hizo mbili. Jalada likichelewa miaka miwili kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, sehemu kubwa ya faida ya parole kwake imekwisha.

Angalia mambo matatu yanayoharibu hesabu. Kama alikuwa na makosa zaidi ya moja, soma hukumu inasema vifungo viende kwa pamoja au kwa kufuatana. Miaka 5 na miaka 4 kwa pamoja ni 5, kwa kufuatana ni 9. Muda wa mahabusu kabla ya hukumu haujiingizi wenyewe kwenye hesabu, kwa hiyo tazama hakimu alisema nini siku ya kutoa adhabu. Na adhabu za nidhamu gerezani zinaweza kumpunguzia lile punguzo la theluthi. Hesabu yako ikitofautiana na ya ofisi ya kumbukumbu ya gereza, usigombane dirishani. Andika barua fupi kwa Mkuu wa Gereza, ambatanisha ukurasa wa hukumu unaohusika, uombe ihakikiwe.

Hatua ya tatu: pata msaada wa kisheria wa kweli

Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inawatambua mawakili, taasisi zinazotoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, wale ambao wengi wanawaita paralegal, na inataka huduma hiyo iwafikie pia watu walio vizuizini. Taasisi na wasaidizi hao husajiliwa kupitia Msajili aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na wapo wasajili wasaidizi kwenye mikoa na halmashauri. Maana yake ni kwamba unaweza kwenda halmashauri yako ukauliza nani amesajiliwa wilayani kwenu. Taasisi zinazojulikana ni pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake TAWLA, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake WLAC, na Chama cha Wanasheria Tanganyika. Tangu 2023 ipo pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani.

Mwambie mapema unachotaka. Bodi si mahakama, na wakili haendi pale kusimama na kuhoji mashahidi. Kazi yake kubwa ni maandishi: kuhakiki sifa na tarehe, kukusanya hukumu, kumsaidia mfungwa kupanga maelezo yake, kufuatilia taarifa ya nyumbani imefika au imekwama, na kuandika barua ya uwasilishaji inayomwonyesha msomaji kila hoja iko kwenye karatasi gani. Msaidizi wa kisheria aliyefundishwa vizuri anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Wakili mtafute pale penye utata: rufaa inayoendelea, kosa lililobadilishwa, hesabu ya kifungo inayobishaniwa, au jina lililokataliwa bila maelezo.

Sasa suala la pesa. Kuingizwa kwenye parole hakulipiwi. Msaada wa kisheria chini ya sheria ile nao ni wa bure. Mtu akikuambia "mimi nina mtu bodi, toa laki tano jina lipite," huyo ni tapeli, na hata kama kweli anamjua mtu, anakuingiza kwenye kosa la rushwa litakalomwangusha ndugu yako pamoja na wewe. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Inauma kuona mama mjane ameuza mbuzi zake kumlipa mtu wa namna hiyo, na inatokea.

Hatua ya nne: jalada la ndani

Hili ni la mfungwa mwenyewe, na linajengwa tangu siku ya kwanza ya kifungo. Bodi itaona rekodi ya nidhamu, kazi alizopangiwa, mafunzo aliyohudhuria, afya yake na maoni ya maafisa waliokaa naye. Mfungwa aombe kupangiwa kazi yenye ujuzi kama useremala, uashi, ushonaji, kilimo au ufugaji, na panapokuwa na mtihani wa ufundi, aufanye. Cheti kina thamani, lakini thamani yake kubwa ni kuunganika na mpango wa nyumbani. Cheti cha useremala cha mtu ambaye kaka yake ana karakana na ameandika barua ya kumpokea ni hoja kamili. Cheti hicho hicho kikikaa peke yake ni karatasi tu.

Kama aliwahi kuadhibiwa kwa kosa la nidhamu, asilifiche. Liko kwenye jalada tayari. Aeleze kwa sentensi mbili nini kilitokea na nini kimebadilika tangu hapo.

Nyaraka zihifadhiwe nakala mbili, moja kwake na moja kwa familia. Wafungwa huhamishwa: mtu anatoka Keko anapelekwa gereza la kilimo mkoa mwingine, na karatasi zikabaki nyuma. Kila akihamishwa, familia imwandikie Mkuu wa Gereza jipya kuuliza kama jalada la parole limehamia naye. Hatua hii ndogo imewasaidia wengi kuliko barua ndefu za kusihi.

Hatua ya tano: maelezo ya mfungwa

Wengi huandika hivi: "Mimi ni mtu mzuri, nimeokoka, nina watoto wadogo wanateseka, naomba mnihurumie." Hakuna uongo hapo, na hakuna pia kitu ambacho mjumbe wa bodi anaweza kukishika. Kila jalada lina watoto wanaoteseka. Mjumbe anatafuta majibu ya maswali manne: unakielewa ulichofanya na aliyeumia? Nini kilikupeleka pale? Umefanya nini juu ya kitu hicho? Ukitoka kesho asubuhi, utalala wapi na utakula nini?

Linganisha na maelezo haya ya mfano, ya mtu aliyefungwa kwa kuua bila kukusudia:

"Tulikuwa tunakunywa pombe kilabuni tukagombania deni. Nilimpiga fimbo kichwani, akafariki siku ya pili. Aliacha mke na watoto. Sikuwa na kawaida ya kupigana nikiwa mzima. Kila ugomvi wangu ulitokana na pombe. Tangu nimefungwa sijanywa, na nimehudhuria ushauri nasaha unaotolewa hapa. Sitaishi tena jirani na kilabu kile. Nitaishi kwa mjomba wangu, kata nyingine, nimsaidie kazi ya uashi niliyojifunza gerezani. Mjomba ameandika barua, imeambatanishwa."

Ni mistari michache. Kosa limetajwa kwa jina lake, marehemu amekumbukwa kama mtu mwenye familia, chanzo kimeonekana, na mpango una mahali na mtu. Asiyejua kuandika amsimulie msaidizi vizuri, aandikiwe kwa maneno yake mwenyewe, asomewe, ndipo atie dole gumba. Maelezo yakinukia lugha ya wakili, mjumbe atamuuliza swali moja tu na mfungwa atashindwa kueleza kilichoandikwa.

Vipi yule anayesema hakutenda kosa? Hapa simameni mfikiri. Kama rufaa bado inaendelea, maandishi ya kukiri yanaweza kumrudia. Asiandike lolote kabla ya kuongea na wakili. Kumbuka notisi ya rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na kwenda Mahakama ya Rufani notisi ni siku 30. Kama muda umepita bila sababu na hakuna nia ya kuomba uongezwe, jambo hilo nalo lijadiliwe wazi. Anayeendelea kushikilia kuwa hana hatia asilazimishwe kutunga toba. Anaweza kuandika kwa heshima kwamba mahakama imeamua, kwamba anaheshimu uamuzi huo, kwamba anatambua maumivu ya aliyeathirika, kisha nguvu yote aiweke kwenye mwenendo wake na mpango wake wa kuishi. Toba ya kubuni hugundulika.

Hatua ya sita: kazi ya nyumbani

Taarifa ya jamii huandaliwa kwa kuuliza watu: mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mtendaji, majirani, familia ya mfungwa, na familia ya aliyeathirika. Atakayekuja kuuliza anaweza kufika siku moja tu, akamkuta mwenyekiti amekwenda msibani na mtendaji ni mgeni aliyehamia mwaka jana, hamjui mtu wenu wala kesi yake. Atajibu nini? Atajibu kwa tahadhari, na tahadhari kwenye taarifa inasomeka kama kukataa.

Kwa hiyo nendeni ninyi kwanza. Nendeni ofisini kwa mtendaji saa za kazi, wawili au watatu, mmoja wenu awe mtu mzima anayeheshimika. Msalimieni, jitambulisheni kwa ukoo na kitongoji, mwelezeni kwamba ndugu yenu anafikiriwa kwa parole na kwamba huenda ofisi yake ikaulizwa. Msimwombe aseme uongo wala msimwombe aandike kitu siku hiyo hiyo. Mwachieni karatasi moja yenye jina kamili la mfungwa, jina la utani analojulikana nalo kijijini, gereza alipo, kosa na mwaka wa hukumu, nani atakaa naye na namba ya simu ya mtu huyo. Jina la utani si jambo dogo. Taarifa imewahi kurudi na jibu "hafahamiki" kwa sababu kijiji kizima kinamjua kwa jina lisiloandikwa kwenye hati yoyote. Kisha pitieni kwa mwenyekiti, kwa balozi, na kwa shehe au mchungaji.

Sehemu ngumu ni familia ya aliyeathirika, nami nasema wazi: msiende kwa haraka na msiende wenyewe. Watu hao wana haki ya kubaki na uchungu wao. Tumieni mzee wa ukoo usio wenu, au kiongozi wa dini anayeaminika na pande zote mbili, aende kuuliza jambo moja tu: wako tayari kusikilizwa? Wakisema hapana, rudini mkae kimya. Wakikubali, nendeni na watu wachache, ketini chini, wasikilizeni mpaka wamalize. Mkiwa na jambo la kimila la kusuluhisha, lifanyike kwa uwazi mbele ya wazee na liandikwe. Msipeleke bahasha usiku. Fedha iliyotolewa kwa siri kabla ya taarifa ya parole itaonekana kuwa ya kununua kauli, na mara nyingi hufufua hasira iliyokuwa imetulia.

Ikiwa upande wa pili bado unasema "akirudi hapa tutamalizana naye," msibishane na ukweli huo. Badilisheni mahali pa kukaa. Bodi inapenda kuona mpango salama kuliko kuona mtu anarudi palepale kwa sababu tu ndipo alipozaliwa. Shangazi aliyeko wilaya nyingine, dada aliyeolewa mjini, au mwajiri mwenye chumba cha kumpa wanatosha, ilimradi wakubali kwa maandishi na mtendaji wa kule naye ajue, kwa sababu sasa ni kule ndiko maswali yatakakoulizwa.

Barua ya anayempokea iwe fupi na ya kweli. Iseme yeye ni nani kwa mfungwa, nyumba iko wapi, nani wengine wanaishi humo, mfungwa atalala chumba gani, atafanya kazi gani, na kwamba mwandishi anaelewa kuwa kuna masharti ya kuripoti. Iambatane na nakala ya kitambulisho na muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa. Kama nyumba ina watoto au mke aliyewahi kupigwa na mfungwa, waulizwe wao kwanza, tena faraghani. Mke akisema anaogopa, hiyo nyumba si ya kuandikwa kwenye barua, hata kama wazee wameshakubaliana.

Mwisho, msaidizi wenu afuatilie. Baada ya wiki kadhaa aulize gerezani kama taarifa ya jamii imeingia kwenye jalada. Kama bado, aulize imekwama ofisi gani, halafu mmoja wenu aende ofisi hiyo mguu kwa mguu akiwa na namba ya kumbukumbu ya barua.

Hatua ya saba: kujibu maswali

Mfungwa anaweza kuhojiwa na maafisa au na wajumbe. Afanye mazoezi na msaidizi, wasikariri majibu. Aulizwe maswali ya kuudhi: "Ukikutana na mtoto wa marehemu sokoni utafanyaje?" "Rafiki zako uliokuwa nao wako wapi sasa?" "Ukikosa kazi miezi mitatu?" Ajibu kwa ufupi, akubali asichokijua, asimlaumu shahidi wala hakimu. Akilia, si kosa. Akikasirika, wajumbe wanaandika.

Baada ya uamuzi

Akikubaliwa, asomewe masharti kwa Kiswahili anachokielewa kabla ya kutia saini: aishi wapi, aripoti kwa nani na lini, asivuke mipaka gani bila kibali, asifanye kosa jipya. Familia ipate nakala. Wiki ya kwanza apelekwe kuripoti na mtu wa familia, ajulishwe kwa mtendaji na kwa polisi wa eneo, na tarehe za kuripoti ziandikwe ukutani. Msiba ukitokea mkoa mwingine, aombe ruhusa kwanza, hata kama ni wa mzazi. Wengi huvunja masharti kwa safari ya namna hii bila nia mbaya yoyote. Ajue pia kwamba akiwa kwenye parole, matangazo ya msamaha wa Rais mara nyingi huwaondoa wenye kutumikia parole kwenye orodha ya wanufaika, asije akaacha kuripoti akidhani kifungo kimefutwa.

Akikataliwa, mwandikieni Mkuu wa Gereza kuomba sababu na lini jina litafikiriwa tena. Sababu ikiwa ni taarifa ya jamii, rudini hatua ya sita. Ikiwa ni nidhamu, anahitaji muda na rekodi mpya. Ikiwa ni sifa, na ninyi mnayo hukumu inayoonyesha vinginevyo, hilo ni suala la wakili: anaweza kuandika kuomba marekebisho, na ikibidi kuomba kibali cha kufungua maombi ya Mahakama Kuu kuupitia uamuzi huo. Ombi hilo linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, kwa hiyo barua ya kuomba sababu iandikwe wiki ile ile mnayopata habari, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.